Jibu: Kuchanganyikiwa na wasimulizi watatu

Waalaikum salaam, dada yangu wa Malindi. Umeeleza kwamba umekwama katikati ya Children of Blood and Bone, riwaya ya Tomi Adeyemi ya mwaka 2018, kwa kuwa anayesema "mimi" hubadilika na humtambui tena. Kabla ya kurudi nyuma, tazama kichwa cha sura: jina lililoandikwa pale, Zélie, Amari au Inan, ndilo la msimulizi wa sura nzima.

Nilipoisoma hapa Lamu na binti wa dada yangu, tulizirudia sura za Inan mfululizo, na ndipo nilipoelewa jinsi mwana wa mfalme aliyewaangamiza wenye nguvu za uchawi anavyoweza kunitia huruma na hasira kwa wakati mmoja. Amari alinigusa zaidi, maana anaanza akimwogopa baba yake mwenyewe, na woga ule umeandikwa kwa ukweli ambao vitabu vingi vya vijana huukwepa. Mapenzi ya Zélie na Inan, kwa maoni yangu, yameharakishwa mno. Yakikuchosha, yapitie upesi, lakini usikiache kitabu. Cha pili, cha mwaka 2019, kinaendeleza yaliyotokea mwishoni mwa hiki, kwa hiyo usikifungue kwanza.