Kibali cha sakafu ya bahari: yajue haya kabla ya kuandaa ombi lako la kwanza

Ukiajiriwa leo kwenye timu inayotafuta vibali vya kufua umeme kwa upepo baharini, jambo la kwanza la kutenganisha kichwani ni pango na ruhusa. Mkataba wa kutengewa sakafu ya bahari humzuia mwekezaji mwingine asilichukue eneo wakati wewe unalichunguza. Haukuruhusu kusimamisha hata nguzo moja. Ruhusa ya kujenga ina sheria yake, wakaguzi wake na mara nyingi wizara yake, na inaweza kukataliwa hata kama pango limekwisha kulipiwa mamilioni.

Katika maji ya England, sakafu ya bahari hukodishwa na The Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za Taji la Uingereza, lakini mradi unaozidi megawati 100 lazima ufike kwa waziri baada ya wakaguzi kuuchambua hadharani kwa muda usiozidi miezi 6. Denmark wamejitahidi kurahisisha mambo: Wakala wa Nishati ndiye anayepokea kila kitu na kuwasiliana na idara nyingine kwa niaba yako. Hata hivyo bado kuna leseni 3 za kuomba, ya uchunguzi wa awali, ya kujenga na ya kuzalisha umeme. Marekani, kwa sheria ya nishati ya mwaka 2005, anayekodi eneo kwenye maji ya shirikisho hupata haki ya kuwasilisha mipango yake, na mpango wa ujenzi na uendeshaji ndio unaoamua kama mradi utakuwepo au hautakuwepo. Kila mgeni kazini huwa namwomba asome historia ya mradi wa Cape Wind wa Massachusetts. Ulipendekezwa mwaka 2001, serikali ikauidhinisha mwaka 2010, kesi zikaendelea kumiminika, wanunuzi wa umeme wakajitoa, na mwaka 2017 mradi ukaachwa bila mtambo hata mmoja kusimama.

Tafuta pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 uusome mwenyewe, usitegemee muhtasari wa mtu. Ibara ya 56 na ya 60 zinatosha kuanzia. Humo utaona kwa nini umbali kutoka pwani unabadilisha kila kitu. Ndani ya maili 12 za baharini nchi ina mamlaka karibu kama ya nchi kavu, ila meli za kigeni zina haki ya kupita kwa amani. Kutoka hapo hadi maili 200 ina haki ya kunufaika na rasilimali, na kuzalisha nishati kutokana na upepo kumetajwa waziwazi, lakini meli za mataifa mengine zina uhuru wao wa kupita. Ndiyo maana Ibara ya 60 inakataza mitambo mahali itakapoziba njia za meli zinazotambuliwa na zilizo muhimu kwa safari za kimataifa, na eneo la usalama kuzunguka mtambo lisizidi mita 500.

Sasa nije kwenye ushauri ninaouthamini kuliko mwingine wote: kabla ya kuomba ramani ya upepo, omba ramani ya watu. Wahandisi watakuletea kasi ya upepo, kina cha maji na aina ya udongo. Hayo ni muhimu, ila mradi haukataliwi na serikali kwa sababu upepo ni hafifu. Ukiwa hafifu mwekezaji mwenyewe hatafika kwenye kuomba. Hukataliwa kwa ajili ya mtu au kiumbe aliyekuwepo hapo kabla yako. Bahari ikitazamwa kutoka ufukweni huonekana tupu, na ofisini huonekana tupu zaidi.

Anza na wavuvi. Takwimu za mwendo wa vyombo vya majini hutoka kwenye vifaa vinavyotuma taarifa kwa redio au satelaiti, na boti ndogo mara nyingi hazilazimiki kuvibeba. Kwa hiyo ramani yako itaonyesha maji matupu mahali ambapo watu hutega mitego kila msimu. Hakuna programu itakayokurekebishia hilo. Nenda bandarini siku ambayo hali ya hewa imewazuia kutoka, uwaulize manahodha maswali ya kazi: mnakokota nyavu kwa kuelekea wapi? Msimu ukibadilika mnahamia upande gani? Upepo ukichafuka mnakimbilia wapi? Andika majibu kwa maneno yao, kisha rudi na mchoro uwaonyeshe ulichokielewa. Nimeona mikutano mingi ikiharibika kwa sababu timu ilifungua mazungumzo na fidia. Ukitaja fidia kabla ya kusikiliza, mvuvi anaelewa kwamba uamuzi umeshafanyika na ameitwa kuambiwa bei. Kuna mahali fidia itahitajika, na ilipwe kwa haki, lakini si sentensi ya kwanza.

Maswali hayo hubadilisha michoro kwelikweli. Vineyard Wind 1, kusini mwa Massachusetts, uliidhinishwa Mei 2021 ukiwa na mitambo iliyopangwa kwa mistari ya mashariki–magharibi na kaskazini–kusini, maili moja ya baharini kati ya mtambo na mtambo. Mpangilio wa awali ulikuwa tofauti. Wavuvi wa eneo hilo walikuwa wamezoea kufanya kazi kwa mistari ya mashariki–magharibi, wenye mitego na wenye nyavu za kukokota wasigongane. Japani wameliweka jambo hili ndani ya sheria yao ya mwaka 2018: kabla eneo halijashindaniwa, huundwa baraza linalowakutanisha serikali kuu, serikali za mitaa na wavuvi, na eneo haliendi mbele bila wao kukubaliana. Haki ya kulitumia huweza kufika miaka 30. Huo ni utaratibu ninaoupenda, kwa sababu ugomvi unatatuliwa kabla fedha za mwekezaji hazijaanza kuteketea.

Kuhusu meli kubwa sina mengi. Njia zao zinajulikana na mamlaka za usafiri wa majini zitakuambia mapema kama haiwezekani.

Jeshi ni habari nyingine. Mitambo mirefu inayozunguka huvuruga rada, na maofisa wa ulinzi hawalazimiki kukueleza kila sababu yao. Novemba 2024 serikali ya Sweden ilikataa miradi 13 kwa mkupuo katika Bahari ya Baltiki kwa sababu za kiulinzi, ikaruhusu mmoja tu, Poseidon, ulio upande wa magharibi wa nchi. Baadhi ya maombi hayo yalikuwa yamebeba kazi ya miaka. Barua ya kwanza utakayoandika ukishapata mipaka ya eneo iende kwa wizara ya ulinzi, na ukijibiwa kwa maneno ya jumla, omba kikao. Usilichukulie jibu la "tutaangalia baadaye" kama ndiyo.

Halafu wanyama. Hapa ndipo wageni wengi hukosea hesabu, kwa kudhani kwamba athari ndogo ni athari inayokubalika. Wakaguzi hawapimi mradi wako peke yake. Wanajumlisha na ile iliyokwisha kujengwa, iliyoidhinishwa na iliyo mezani. Julai 2012 serikali ya Uingereza ilikuwa na miradi mitatu ya jirani mbele yake, karibu na pwani ya Norfolk. Race Bank na Dudgeon ikapita. Docking Shoal ikakataliwa, kwa kuwa yote mitatu pamoja ingehatarisha buabua wanaozaliana katika pwani hiyo. Mpaka leo huwaambia wenzangu: jua uko wa ngapi kwenye foleni. Mradi mzuri uliochelewa unaweza kukuta kiwango cha madhara kinachovumilika kwa ndege kimekwisha kutumiwa na wengine.

Kwa hiyo uhesabuji wa ndege na wanyama wa baharini uanze mapema kuliko kazi nyingine yoyote ya uwandani. Katika Bahari ya Kaskazini hutakiwa kwa kawaida miaka 2 ya takwimu, kwa misimu yote, na msimu wa kuzaliana ukikupita hakuna fedha inayoweza kuununua; unasubiri mwaka mzima. Kama takwimu zitaonyesha madhara yasiyoepukika, usiyafiche chini ya wastani. Mradi wa Hornsea Three wa Uingereza uliruhusiwa Desemba 2020 kwa sharti la kujenga viota vya kutengenezwa kwa ajili ya shakwe wa aina ya kittiwake, na jambo hilo liliwezekana kwa sababu madhara yalijadiliwa kwa uwazi na fidia kwa ndege ikapangwa.

Kelele za kupigilia nguzo nazo zina viwango vyake. Ujerumani inataka sauti isizidi desibeli 160 ikipimwa mita 750 kutoka mahali pa kazi, ili kuwalinda pomboo wadogo wa Bahari ya Kaskazini. Njia inayotumika sana ni kulaza bomba lenye matundu chini ya bahari kuizunguka nguzo na kupuliza hewa ndani yake, povu linalopanda likapunguza nguvu ya sauti. Bomba hilo linahitaji meli yake na siku zake, basi liingize kwenye ratiba tangu mwanzo.

Utaulizwa pia mitambo yako ni ya ukubwa gani, wakati bado hujainunua. Vindeby ya Denmark, shamba la kwanza la upepo baharini, lilijengwa mwaka 1991 kwa mitambo 11 ya kilowati 450 kila mmoja. Leo mtambo mmoja unapita megawati 10, na muda kati ya ombi na ujenzi unatosha kwa watengenezaji kuleta aina mpya kabisa. Ukiomba kibali cha mtambo mmoja mahususi, utajikuta na ruhusa ya kitu ambacho hakiuzwi tena. Omba kwa mipaka: urefu wa juu kabisa, idadi ya juu kabisa, ukubwa wa juu kabisa wa misingi. Kisha kadiria athari kwa hali mbaya kuliko zote ndani ya mipaka hiyo. Lakini usiitanue kupita kiasi kwa kujihami, maana kila mita unayoongeza huongeza idadi ya ndege wanaokadiriwa kufa, na idadi hiyo ndiyo itakayosomwa.

Na usiishie baharini. Waya unaotoka kwenye mitambo lazima upande ufukweni, upite mashamba ya watu na ufike kituo cha kupozea umeme. Norfolk Vanguard uliidhinishwa Julai 2020. Februari 2021 Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo. Tatizo halikuwa mitambo iliyo majini. Waziri hakuwa amezingatia jinsi majengo ya umeme ya mradi huo na ya mradi dada, Norfolk Boreas, yangeathiri kwa pamoja mandhari ya kijiji cha Necton, nchi kavu. Ruhusa ilitolewa tena Februari 2022. Tazama muda uliopotea kwa sababu ya majengo yaliyo mbali na bahari. Ninapopitia rasimu ya ombi, huanza kuisoma kutoka kituo cha kupozea umeme kuelekea majini, kwa kuwa sura za nchi kavu mara nyingi huandikwa mwishoni na watu waliochoka.

Kibali kikitoka, kitakuja na masharti mengi, na kila sharti lina tarehe na mtu wa kuliridhia. Mengine yanazuia kazi kuanza kabisa. Yaorodheshe siku hiyohiyo, lipe kila moja msimamizi wake ndani ya timu, na hakikisha mkandarasi ameyasoma kabla ya kusaini mkataba wa meli za ujenzi.

Lipo bado suala la kung'oa, ambalo wageni hulisukuma mbele kwa kuwa liko miaka mingi ijayo. Mkataba wa 1982 unataka mitambo iliyoachwa iondolewe ili kulinda usalama wa safari, na uvuvi na mazingira vizingatiwe. Vindeby iling'olewa mwaka 2017, kwa hiyo kazi hii imeshafanyika na inaweza kukokotolewa. Waulize wahandisi wako: nguzo itakatwa kina gani chini ya mchanga, nyaya zitatolewa au zitabaki, na kampuni ikiuzwa nani atalipa. Majibu yake yawe ndani ya ombi la kwanza, kwa sababu serikali itadai dhamana ya fedha, na kiasi chake kitatokana na hayo uliyoyaandika.