Delano na Aldrich: nyumba zilizomheshimu jirani

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni wasanifu majengo gani wa zamani ambao anayejenga nyumba mjini leo angefaidika kwa kuzitazama kazi zao. Mimi nawataja William Adams Delano na Chester Holmes Aldrich, waliofungua ofisi yao New York mwaka 1903 baada ya kusomea Paris.

Matajiri wa jiji hilo walikuwa wamezoea kujijengea makasri ya mawe yaliyoiga yale ya Ufaransa, yenye minara na nakshi kila pembe. Wawili hawa walifufua mtindo uliotulia zaidi, ule wa Uingereza ya karne ya 18 chini ya wafalme walioitwa George: matofali mekundu, madirisha yaliyopangwa kwa ulinganifu, na marumaru nyeupe kidogo tu, pale inapostahili. Naipenda mno nyumba ya Willard Straight, kwenye kona ya Fifth Avenue na mtaa wa 94, iliyojengwa kati ya 1913 na 1915. Ghorofa yake ya juu ina safu ya madirisha ya duara, wazo lililotoka katika kazi ya msanifu Mwingereza Christopher Wren kwenye kasri la Hampton Court, na safu hiyo pekee inatosha kuipa nyumba haiba yake.

Wapo wanaosema kwamba kufufua mitindo ya kale ni dalili ya kukosa ubunifu. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa ofisi hiyo hiyo ndiyo iliyosanifu, kwa mtindo wa kisasa kabisa, jengo la abiria wa ndege za majini kwenye uwanja wa ndege wa LaGuardia, New York, lililofunguliwa mwaka 1940.

Lakini funzo kubwa liko Park Avenue, kati ya mtaa wa 68 na wa 69. Nyumba ya William Sloane, nambari 686, ilijengwa katika safu ambayo tayari ilikuwa na nyumba iliyosanifiwa na ofisi nyingine, McKim, Mead na White, nambari 680. Delano na Aldrich wangeweza kumfunika jirani kwa fahari. Badala yake walichukua matofali yale yale na kuendeleza mwenendo ule ule, hata mpita njia leo akadhani nyumba zote nne za safu hiyo zimetoka mkono mmoja. Mwaka 1965, wakati ubomoaji wa nambari 680 ulikuwa umekwisha kuanza, Marquesa de Cuevas, mjukuu wa tajiri John D. Rockefeller, alinunua nambari 680 na jirani yake 684 ili kuziokoa. Safu nzima ingali imesimama, na nyumba ya Sloane sasa ni taasisi ya utamaduni ya Italia.