Kwa nini chemchemi zinapungua ilhali mvua ni kubwa

Ndugu, umeuliza kwa nini chemchemi za vilima vya Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu, zinapungua wakati wa kiangazi, ingawa majira ya mvua yanatuletea mafuriko. Dunia inazidi kupata joto, na kwa kila digrii 1 ya Selsiasi joto linapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Ndiyo maana mvua hushuka kwa nguvu na kwa muda mfupi, na kwenye miteremko iliyokatwa miti maji hukimbilia Ziwa Kivu kabla udongo haujayanywa na kuyahifadhi kwa ajili ya chemchemi. Mwezi wa Julai nilisimama kwa muda wa saa mbili penye chemchemi ya mtaa wetu, maji yakitoka membamba kama uzi, huku akina mama wakipanga bidoni za manjano, na ziwa tunaliona pale chini, inaniuma sana. Kinachosaidia hasa ni kupanda miti juu ya vyanzo na kuchimba mitaro inayokinga mteremko, ili maji yapate muda wa kuzama.