Mmea Sugu, Kinzani au Stahimilivu?

SWALI: Natafsiri makala inayoeleza jinsi umetaboli wa asidi amino, yaani mabadiliko ya kikemikali yanayozijenga na kuzigeuza ndani ya seli, unavyousaidia mmea kupambana na magonjwa. Nakutana na "mmea sugu", "mmea kinzani" na "mmea stahimilivu". Je, ni kitu kimoja?

JIBU: Hapana, na makala yako yenyewe ndiyo inayoonyesha tofauti.

Sugu kwa asili ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa, kama ya kisigino au kiganja cha mshika jembe. Ngozi hiyo haihisi wala haitendi. Kutoka hapo tukapata mdeni sugu, mhalifu sugu, na ugonjwa sugu, yaani usiokwisha. Kwa kimelea kilichozoea dawa, usugu ni neno zuri sana. Kwa mmea linapotosha, maana mmea unaojikinga hufanya kazi kubwa. Asidi amino iitwayo fenilalanini huupa malighafi ya lignini, inayokaza kuta za seli pale vimelea vinapotaka kupenya. Baadhi ya mimea ya jamii ya kabichi hugeuza nyingine, triptofani, kuwa sumu ya kuua kuvu. Lisini nayo huzaa asidi pipekoliki, ambayo ikishabadilishwa kidogo huyatahadharisha hata majani ambayo bado hayajaambukizwa. Hizo ni asidi amino zilezile za kujengea protini, zimeelekezwa vitani. Kitendo hicho Kiswahili kinakiita kukinza: kuzuia, kupinga. Basi mmea huo ni kinzani.

Ustahimilivu ni habari nyingine. Muhogo wa Kiroba, unaojulikana sana pwani ya Tanzania, hupatwa na ugonjwa wa michirizi kahawia na majani yake huonyesha dalili, ila mizizi haiozi sana na mkulima huvuna. Ugonjwa umeingia, muhogo umeubeba. Anayemwambia mkulima kwamba mbegu hiyo ni kinzani anamfanya aone michirizi na kudhani ameuziwa mbegu bandia, kwa hiyo nakusihi usiyachanganye.

Tena, -stahimilivu hufuata upatanisho: mmea mstahimilivu, mimea mistahimilivu, mbegu stahimilivu. Sugu na kinzani hazibadiliki.

Nimeona pia "ukinzani wa magonjwa" katika vipeperushi vingi. Ukiusoma kama ulivyoandikwa, magonjwa ndiyo yanayokinza. Mimi ningeandika "ukinzani wa mmea dhidi ya magonjwa", hata kama kichwa cha makala kitarefuka.