Jibu: Rotax 912 inayotetemeka kwenye mzunguko wa chini

Assalamu alaykum, ndugu yangu. Umeeleza kwamba injini yako ya Rotax 912, injini ya ndege ndogo, hutetemeka inapozunguka polepole na hutulia ukiiongezea moto, na kwamba hali hiyo imeanza baada ya ndege kukaa Pemba masika yote. Kabla ya kufungua chochote, toa petroli kidogo asubuhi kutoka chini ya tangi na uitazame kwenye chupa ya kioo, kwani tangi lililoachwa nusu hukusanya maji kwa unyevu wetu huu. Ikiwa safi, mwite fundi azilinganishe kabureta zote mbili, yaani vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, kwa kuwa zisipofunguka sawasawa injini hutetemeka hivyo hivyo, na mtetemo huo huila giaboksi, yaani gia zilizo kati ya injini na rafadha (propela). Wazo lako la kubadilisha rafadha liache kwanza. Isitoshe, linahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.