Michango ya Kikundi na Programu Inayojifunga Ghafla

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika programu ya iPhone kwa ajili ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nayo hutunza michango kwa Core Data, mfumo wa Apple wa kuhifadhi data ya programu. Kazi ya kupakua michango kutoka kwenye seva nimeiweka kwenye uzi wa pembeni (thread, yaani njia ya kazi inayokwenda sambamba na nyingine) ili skrini isigande, lakini mara mojamoja programu hujifunga ghafla. Kosa liko wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu Msomaji, muktadha wa Core Data, yaani mahali ambapo rekodi husomwa na kubadilishwa kabla ya kuhifadhiwa, ni mali ya foleni moja tu (queue, yaani mstari wa kazi zinazotekelezwa kwa zamu), na kila rekodi iliyotoka humo hubaki chini ya foleni hiyo. Hata kusoma tu jina la mwanachama ukiwa kwenye uzi mwingine ni kosa, kwa kuwa huenda rekodi haijajazwa data bado, na kuisoma kukaulazimisha muktadha kuifuata kwenye hifadhidata wakati uleule uzi mkuu, ule unaoendesha skrini, unapoutumia. Programu ikienda vizuri siku tisa na kujifunga ya kumi, hizo siku tisa nazo hazikuwa salama.

Thibitisha kwanza. Katika Xcode, chombo cha Apple cha kuandikia programu, iendeshe programu kwa hoja (agizo la kuanzia) ya -com.apple.CoreData.ConcurrencyDebug 1, nayo itasimama papo hapo kanuni inapovunjwa, nawe utauona mstari wenye kosa.

Kisha iachie skrini viewContext, yaani muktadha wa uzi mkuu, na upakuaji uufanye ndani ya performBackgroundTask, amri inayokupa muktadha wa pembeni, iliyoletwa pamoja na iOS 10 mwaka 2016. Hapa ndipo wengi hunaswa: huiita vizuri, kisha ndani yake wakaendelea kutumia rekodi waliyoishika nje. Nakusihi usivushe rekodi. Vusha objectID yake, yaani kitambulisho chake, ambayo ni salama kwenye uzi wowote, na muktadha unaopokea uitafute rekodi wenyewe. Rekodi mpya ihifadhi kwanza, kwa sababu kabla ya hapo kitambulisho chake ni cha muda. Ili skrini ipate mabadiliko yaliyohifadhiwa, iweke automaticallyMergesChangesFromParent ya viewContext kuwa kweli.

Kwa kuwa hizi ni fedha za watu, nashauri kila mchango uwe rekodi mpya, na jumla ikokotolewe kutokana na rekodi hizo. Ukiihifadhi jumla kama namba moja inayobadilishwa na miktadha miwili, uhifadhi wa pili utakataliwa kwa mgongano, au, ukiwa umeweka sera ya kumpa ushindi mmojawapo, mchango wa mwanachama mmoja utafutika bila onyo lolote.