Prof kutoonekana darasani siyo kwamba kapumzika

Hapana mkuu, umeuliza prof wa chuo mwenye vipindi viwili tu kwa wiki muda mwingine anafanya nini, ila vipindi viwili haimaanishi wiki nzima yuko huru, kufundisha ni sehemu tu ya kazi yake. Kwenye vyuo vya utafiti vya Marekani wengi wanapiga hesabu ya 40-40-20, yaani asilimia 40 kufundisha, 40 utafiti na 20 vikao, kamati na huduma kwa jamii. Huku kwetu hiyo hesabu ni ngumu kutimia maana madarasa ni makubwa, mimi nimekaa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) miaka mitatu, kuna kozi mpaka theatre (ukumbi wa mihadhara) inajaa watu wanakaa kwenye ngazi, hebu fikiria kusahihisha hizo test zote.

Sasa utafiti anaufanya lini? Wengi wanabananisha vipindi kwenye siku chache, halafu siku mbili tatu zinazobaki wanaandika, na wanafunzi wa mastaz na PhD wanaowasimamia ndo wanaingia fildi kukusanya data. Likizo ndefu ya kuanzia Julai nayo usidhani ni ya kulala, nusu inaliwa na kuzunguka kusimamia wanafunzi walio field, yaani mafunzo kwa vitendo.

Na utafiti hawezi kuuacha, kwa sababu kupanda kutoka mhadhiri kwenda mwandamizi mpaka profesa kunaangalia sana machapisho, ukifundisha vizuri bila kuchapisha utakaa hapohapo. Ila wapo wanaotupia kila kipindi kwa wasaidizi, hao nao sikatai 😂